Kanivali ya Brazil: msafiri wa Bujumbura aanzie wapi?

Kila mwaka mwezi wa Februari unapokaribia, picha za ngoma, mavazi ya manyoya na umati unaocheza barabarani huanza kumiminika kutoka Brazil hadi kwenye runinga na simu zetu. Wengi wa wasikilizaji wetu wa Buyenzi, Bwiza na mitaa mingine ya Bujumbura huzitazama na kuendelea na shughuli zao. Lakini wapo wanaouliza kwa dhati: je, mtu wa hapa anaweza kwenda huko, akaiona kanivali kwa macho yake, kisha akarudi nyumbani salama na bila madeni?

Jibu ni ndiyo, ila kwa masharti. Safari hiyo huanza miezi mingi, pengine miaka, kabla ya siku ya kupanda ndege. Nayo huamuliwa na mambo manne: kalenda, hati, fedha, na nia ambayo msafiri anaweza kuithibitisha mbele ya afisa asiyemjua. Makala haya yanayafafanua mambo hayo moja baada ya jingine, kwa kuanza na swali la msingi: sherehe yenyewe ni nini?

Kanivali ni nini hasa?

Neno kanivali hunasibishwa na maneno ya Kilatini yenye maana ya kuondoa nyama. Wakatoliki wa Ulaya, kabla ya kuingia katika siku 40 za Kwaresima, walijipa siku chache za kula, kunywa, kuvaa vinyago na kucheza, wakijua kwamba Jumatano ya Majivu ikifika, nyama na shamrashamra vitawekwa kando. Wareno waliivusha desturi hiyo hadi Brazil walipoitawala nchi hiyo.

Sisi tunaozitafsiri habari hizi kutoka Kifaransa hatuna neno moja la Kiswahili linalolingana sawasawa na kanivali. Lililo karibu zaidi ni kuvunja jungu. Watu wa Mwambao wanaijua desturi hiyo: mwishoni mwa Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, jamaa na marafiki hukusanyika, wakapika, wakaenda ufukweni au shambani, wakala na kufurahi kwa pamoja. Masheikh hukemea wanaopindukia mipaka, kama vile mapadri wa Brazil wanavyokemea wanaopindukia huko kwao. Dini ni tofauti, lakini mantiki ni moja: binadamu anayejiandaa kufunga huaga kwanza.

Tofauti kubwa ni kwamba huko Brazil kuaga huko kumekuwa sherehe ya taifa zima, na walioigeuza hivyo kwa kiasi kikubwa ni Waafrika na wazao wao. Kati ya karne ya 16 na ya 19, Waafrika wanaokaribia milioni 5 walishushwa katika bandari za Brazil wakiwa watumwa, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote ya bara la Amerika. Utumwa haukufutwa huko hadi tarehe 13 Mei 1888. Wengi wa watu hao walitoka Kongo na Angola, wakiwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Katika karne ya 19, Uingereza ilipoibana biashara hiyo kaskazini mwa ikweta, meli za Rio de Janeiro zilizidi kuja upande wetu wa bara, kwenye Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane.

Ndiyo maana msafiri kutoka Burundi hatakuwa mgeni kabisa. Katika ngoma ya jongo, ambayo ni miongoni mwa mizizi ya samba, ala ya kupigwa huitwa angoma. Mrundi atalisikia humo neno lake la ingoma, na Mswahili neno lake la ngoma. Neno samba lenyewe wengi hulihusisha na semba, neno la Kikimbundu cha Angola.

Kalenda mbili zinazokutana

Jambo la kwanza la kupanga ni tarehe, na hapa ndipo wasafiri wengi hukosea. Kanivali haina tarehe ya kudumu. Jumanne yake kuu huwa siku 47 kabla ya Pasaka, na kwa kuwa Pasaka nayo huhamahama, Jumanne hiyo inaweza kuangukia siku yoyote kati ya tarehe 3 Februari na tarehe 9 Machi. Shamrashamra zenyewe huanza siku kadhaa kabla yake. Huko Salvador, kwa mfano, huanza rasmi Alhamisi.

Kwa msomaji Mwislamu kuna kalenda ya pili ya kuangalia. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, na katika miaka hii kalenda hizo mbili zinapishana kwa karibu sana. Mwaka 2026 Jumanne ya kanivali ilikuwa tarehe 17 Februari, na Ramadhani ikaingia mara tu baada yake. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 9 Februari, ilhali Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hiyo au siku moja kabla, kutegemea mwandamo. Anayetaka kuwa nyumbani kwa mfungo wa kwanza itambidi aondoke Brazil kabla ya kilele cha sherehe.

Mwaka 2028 Jumanne kuu ni tarehe 29 Februari, na Idi inatarajiwa siku mbili tatu tu kabla yake, kwa hiyo siku za mwanzo za kanivali zitaangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2029 ni tarehe 13 Februari, siku za mwisho kabisa za mfungo. Kuanzia mwaka 2030 kalenda hizo zinaachana: Jumanne ya kanivali ni tarehe 5 Machi, wakati Idi itakuwa imepita kwa takriban mwezi mzima.

Ni kweli kwamba sharia inampa msafiri ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Lakini si kila mtu angependa kuitumia ruhusa hiyo kwa ajili ya kwenda kutazama ngoma, wala si kila mke au mzazi angependa kubaki peke yake na futari ya kwanza. Hilo ni jambo la kuzungumzwa nyumbani kabla ya kukata tikiti. Mwaka 2030 una faida nyingine pia: unampa mtu wa kipato cha kawaida muda wa kuweka akiba.

Uende mji upi?

Watu husema kanivali ya Brazil kana kwamba ni moja. Kwa hakika kila mji una yake, na gharama na namna ya kushiriki hutofautiana.

Rio de Janeiro ndiyo inayoonekana zaidi kwenye runinga. Kiini chake ni mashindano ya shule za samba, ambazo si shule za kusomea bali ni vyama vya mitaa vinavyojiandaa mwaka mzima. Mashindano hayo yalianza mwaka 1932. Tangu mwaka 1984 hufanyika katika uwanja mrefu uitwao Sambódromo, uliosanifiwa na Oscar Niemeyer. Tangu mwaka 2025 shule 12 za daraja la juu hupita kwa usiku tatu, nne kila usiku, kuanzia Jumapili hadi Jumanne. Hapo mgeni ni mtazamaji: hununua tikiti, huketi jukwaani, hutazama hadi alfajiri. Nje ya uwanja kuna mamia ya vikundi vya mitaani ambavyo havitozi kiingilio.

Recife na Olinda, katika jimbo la Pernambuco, zina ladha nyingine. Asubuhi ya Jumamosi Recife hujaa watu wanaofuata kundi la Galo da Madrugada, lililoanzishwa mwaka 1978, ambalo liliwahi kuingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa ukubwa wake. Muziki wa huko ni frevo, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2012. Vilevile kuna maracatu, msafara wa mfalme na malkia wenye ngoma nzito, uliotokana na desturi ya watumwa ya kuwatawaza wafalme wa Kongo. Olinda, mji wa vilima ulio jirani, hujulikana kwa sanamu kubwa za watu zinazobebwa barabarani.

Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, ndio ambao msafiri wa Bujumbura huenda akauelewa upesi zaidi. Huko kanivali hutembea. Magari makubwa yenye spika na wanamuziki juu yake, yaitwayo trio elétrico, hupita polepole barabarani huku umati ukiyafuata. Desturi hiyo ilianza mwaka 1950, pale Dodô na Osmar, wanamuziki wawili, walipopanda juu ya gari kuukuu aina ya Ford na kupiga muziki mitaani.

Mgeni anapaswa kuelewa jambo moja kuhusu magari hayo. Mengi huzungukwa na kamba ndefu inayoshikwa na watu waliokodiwa. Aliyelipa huvaa fulana maalumu iitwayo abadá na kucheza ndani ya kamba. Asiyelipa hucheza nje, bure, katika umati unaoitwa pipoca, yaani bisi, kwa jinsi watu wanavyorukaruka. Walio ndani kwa miaka mingi wamekuwa wenye nafasi, na wanaoshika kamba kwa ujira mdogo ni watu wa mitaa ya kimaskini, wengi wao weusi. Mwafrika anayekwenda Salvador ataiona kamba hiyo, na ni vyema aijue maana yake kabla hajaamua asimame upande gani.

Ngoma iliyojibu kamba

Kutengwa huko kulizaa jibu. Mwaka 1974, katika mtaa wa Liberdade mjini Salvador, vijana weusi ambao hawakukaribishwa katika vikundi vikubwa vya kanivali walianzisha kundi lao, Ilê Aiyê. Lilipotoka kwa mara ya kwanza katika kanivali ya mwaka 1975, lilishambuliwa kuwa linaleta ubaguzi katika nchi iliyojidai haina ubaguzi. Halikurudi nyuma. Hadi leo, usiku wa Jumamosi ya kanivali, kundi hilo huteremka kutoka mtaa wake wa Curuzu likiwa na ngoma zake, na wanaolisubiri barabarani hujipanga saa nyingi kabla.

Baada yake yakafuata mengine. Olodum lilianzishwa mwaka 1979, na wasomaji wengi wamewahi kuliona bila kulijua jina lake: ndilo lililopiga ngoma katika video ya Michael Jackson ya wimbo wa “They Don't Care About Us”, ambayo sehemu yake ilipigwa picha mwaka 1996 katika mtaa wa kale wa Pelourinho. Mwaka 1993 Neguinho do Samba, aliyekuwa kiongozi wa wapiga ngoma wa Olodum, alianzisha Didá, kundi la wanawake watupu. Hilo litamfanya Mrundi atafakari, kwa kuwa hapa kwetu ingoma, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2014, hupigwa na wanaume tu, na amri ya Rais ya Oktoba 2017 ikaliweka jambo hilo katika sheria.

Kwa msomaji Mwislamu kuna kundi jingine lenye habari ya pekee. Linaitwa Malê Debalê, nalo pia lilianzishwa mwaka 1979. Malê ni jina walilopewa Waislamu wa Kiafrika huko Bahia, kutokana na neno la Kiyoruba. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Waafrika wapatao 600, wengi wao Wayoruba Waislamu pamoja na Wahausa, waliinuka katika mitaa ya Salvador dhidi ya utumwa. Walishindwa kabla ya mchana, na takriban 70 waliuawa. Katika nguo na shingo za waliouawa zilikutwa karatasi zilizoandikwa aya kwa herufi za Kiarabu. Mamia walishtakiwa. Wengine walichapwa viboko, wengine wakafukuzwa nchini na kurejeshwa Afrika Magharibi.

Kwa hiyo anayedhani kanivali ni manyoya na pombe tu hajakosea kabisa, kwa maana vyote viwili vipo kwa wingi. Lakini hajaona yote. Mwislamu wa Buyenzi anaweza kusimama Salvador akaona kundi zima la ngoma likibeba kumbukumbu ya watu waliosali kama anavyosali yeye, na waliokufa katika mwezi anaoufunga. Ajue pia kwamba makundi mengi ya Bahia yana uhusiano wa karibu na candomblé, dini ya asili ya Kiafrika. Hata Filhos de Gandhy, kundi la wanaume waliovaa vilemba vyeupe lililoanzishwa na wapagazi wa bandarini mwaka 1949 kwa heshima ya Gandhi, hupiga midundo ya dini hiyo. Kutazama kwa adabu kunatosha. Hakuna atakayemlazimisha mgeni kushiriki asichokiamini.

Hati, na nia inayothibitika

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Raia wa Burundi anahitaji viza ili aingie Brazil. Hatua ya kwanza ni kuwa na pasipoti ambayo muda wake hautakwisha karibuni. Hatua ya pili ni kuwasiliana na ubalozi wa Brazil wenye mamlaka juu ya Burundi na kupata kutoka kwake, wala si kutoka kwa mtu wa kati, orodha ya vinavyotakiwa. Kwa kawaida msafiri wa matembezi huombwa tikiti ya kwenda na kurudi, uthibitisho wa mahali atakapolala, na uthibitisho kwamba ana fedha za kumtosha. Ni busara kuomba kwanza uwekaji wa nafasi ya ndege na hoteli unaoweza kufutwa, na kulipa kikamilifu baada ya viza kutoka.

Lakini karatasi hizo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuthibitisha kwamba utarudi. Hapa ni lazima tuseme wazi, kwa kuwa jambo hili linawagusa vijana wetu. Kwa miaka kadhaa Warundi waliweza kuingia Serbia bila viza, na wapo walioitumia njia hiyo kuelekea nchi za Umoja wa Ulaya. Oktoba 2022 Serbia iliufunga mlango huo. Brazil nayo imekuwa kituo cha wahamiaji wanaoelekea kaskazini hadi Marekani kupitia misitu ya Darién. Agosti 2024 serikali yake ilikaza masharti kwa abiria wa kupita njia katika uwanja wa ndege wa Guarulhos, São Paulo, baada ya wengi kuomba hifadhi hapo badala ya kuendelea na safari waliyoikatia tikiti.

Maana yake kwa msafiri wa kweli ni kwamba afisa atakayempokea amekwisha kusikia hadithi nyingi za kanivali. Tuchukue mfano wa fundi wa magari wa Buyenzi mwenye gereji yake. Atakachohitaji ni cheti cha usajili wa biashara, risiti za kodi, taarifa ya benki ya miezi kadhaa inayoonyesha fedha zikiingia na kutoka, na hati za ndoa au za watoto ikiwa ana familia. Mwajiriwa atahitaji barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Fedha nyingi zilizoingizwa benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi hazimsaidii mtu, humtia shakani.

Jihadhari pia na matapeli. Anayekuahidi viza ya uhakika, anayekutaka ulipe kwanza kwa simu, au anayekwambia kanivali ni njia tu na kwamba mwisho wa safari ni kwingine, anakuuzia hatari. Wapo waliouza kiwanja cha urithi kwa ahadi kama hizo, wakabaki bila kiwanja na bila safari. Viza hutolewa na ubalozi peke yake.

Njia, fedha na chakula

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Bujumbura hadi Brazil. Njia iliyo nyepesi kueleweka ni kupitia Addis Ababa, kwa kuwa shirika la Ethiopian Airlines huruka kutoka huko hadi São Paulo. Kutoka uwanja wa Melchior Ndadaye hadi Addis Ababa ni mwendo wa saa chache, na kutoka Addis Ababa hadi São Paulo ni takriban saa 12 au zaidi angani. Kisha kuna ndege ya ndani: kama saa moja hadi Rio, na zaidi ya saa mbili hadi Salvador. Saa za Brazil, katika miji hiyo, ziko nyuma ya za Burundi kwa saa 5. Jipe siku moja ya kupumzika kabla ya sherehe.

Kuhusu fedha, tutaje vifungu badala ya bei, kwa maana bei hubadilika kila wiki. Kuna tikiti ya kimataifa, ndege ya ndani, malazi, chakula, usafiri wa mjini, na tikiti za sherehe kwa anayezitaka. Malazi ndiyo hupanda zaidi. Wakati wa kanivali nyumba nyingi za wageni huuza siku zote za sherehe kwa pamoja, na anayechelewa hukuta zimejaa. Anayeweka nafasi miezi sita kabla hulipa kidogo kuliko anayekurupuka Januari.

Kikwazo kikubwa kwetu ni fedha za kigeni. Faranga ya Burundi haibadilishwi huko nje, dola ni adimu, na pengo kati ya bei rasmi na bei ya mtaani linajulikana na kila mfanyabiashara. Anayepanga bajeti yake kwa bei rasmi huku hana uhakika wa kuzipata dola kwa bei hiyo, anajidanganya. Uliza benki yako mapema kama inaweza kukuuzia fedha za kigeni kwa ajili ya safari na kwa hati zipi, na kama kadi yake hufanya kazi Brazil. Huko malipo kwa kadi ni ya kawaida hata kwa wauzaji wadogo, na sarafu yao huitwa real.

Chakula hakitamtisha mtu wa huku. Katika mitaa ya Salvador akina mama waliovaa nguo nyeupe huuza acarajé, ambazo kwa macho ya Mswahili ni bajia za kunde, zikikaangwa kwa mawese kama yale ya Rumonge. Hupasuliwa katikati zikatiwa rojo la kamba wa baharini, tui la nazi na pilipili. Nyama ya kuchinjwa kwa njia ya halali ni adimu madukani, kwa hiyo Mwislamu atategemea zaidi samaki, kunde, mayai na matunda. Lugha ni Kireno. Kifaransa hakitakusaidia sana barabarani, na daftari dogo la maneno ya lazima litakufaa.

Afya na usalama

Chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima kwa vitendo. Ichanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti chake cha kimataifa, tangu Julai 2016, hutambuliwa kwa maisha yote, na utakihitaji wakati wa kurudi pia, kwa sababu Burundi inakidai kwa wanaoingia.

Februari ni kiangazi huko: jua kali, mvua za ghafla na mbu. Mbu hao hueneza homa ya dengi, ambayo mwaka 2024 iliikumba Brazil kwa kiwango kisichowahi kuonekana, wagonjwa wakizidi milioni 6. Vaa nguo za mikono mirefu jioni na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Ukirudi nyumbani ukapata homa, usinunue dawa ya malaria ukanyamaza. Mwambie daktari ulikotoka, ili apime yote mawili.

Katika umati, simu ndiyo inayowindwa kwanza. Pasipoti ibaki mahali ulipolala, ukitembea na nakala yake. Beba fedha za siku hiyo tu, kunywa maji mara kwa mara, na mpange na wenzako mahali pa kukutana mkipotezana. Wanawake wanaosafiri ni heri watembee kwa kundi, na wajue kwamba sheria ya Brazil ya mwaka 2018 inamhesabu mhalifu mtu yeyote anayemshika mwanamke kwa tamaa bila ridhaa yake, hata ndani ya kanivali.

Kwa asiyeweza kufika Brazil

Kwa wengi wetu, hesabu ikifanywa kwa uaminifu, jibu litakuwa bado. Si aibu. Hata hivyo msafiri wa Bujumbura ana sherehe nyingine zisizohitaji kuvuka Atlantiki. Zanzibar huwa na tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ambalo kwa kawaida huwa Februari ndani ya Ngome Kongwe, na hufunguliwa kwa maandamano ya ngoma na matarumbeta katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, kwa hiyo thibitisha tarehe kila mwaka, hasa sasa ambapo Ramadhani iko karibu. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna Mwaka Kogwa kila Julai, ambapo wanaume hupigana kwa migomba ili kuumaliza mwaka na kinyongo chake.

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na raia wake hahitaji viza kuingia Tanzania. Basi hupitia Kobero na Kabanga hadi Dar es Salaam, na boti huvuka hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni wanaotoka nje ya Tanzania. Ulizia masharti yake kabla ya kuondoka. Lugha ni yetu, chakula ni chetu, na gharama ni sehemu ndogo tu ya ile ya Brazil.

Safari kama hiyo ina faida nyingine pia. Pasipoti iliyogongwa muhuri wa kutoka na wa kurudi ni ushahidi mdogo lakini wa kweli kwamba mwenye nayo huenda na hurudi. Anayeilenga Salvador ya mwaka 2030 anaweza kuanzia Unguja, akaweka akiba kidogo kidogo, akazitunza risiti zake, na siku ya kusimama mbele ya afisa wa ubalozi akawa na la kuonyesha. Ngoma za Ilê Aiyê zimeteremka Curuzu tangu mwaka 1975. Zitamsubiri.